Kocha Akichomoka, Fuata

Odera aligundua kwamba yeye ni mwanariadha Jumamosi moja mchana, akiwa na kanzu ya kuazima, akifukuzwa na mama mwenye mwiko.

Tuanzie hapo, maana ndipo biashara ilipoanzia. Mengo kulikuwa na kwanjula, ile siku bwana harusi anapokwenda kujitambulisha ukweni pamoja na jamaa zake. Sasa si kila bwana harusi ana jamaa wa kutolewa mbele ya watu. Mmoja baba yake mdogo ni mlevi, mwingine mjomba wake ana mdomo usiofungika. Ndiyo maana Kampala kuna wajomba wa kukodi: mtu mrefu, mtulivu, mwenye koti lisilombana kwapani, anayejua kukaa safu ya mbele na kutikisa kichwa panapotakiwa. Odera alikuwa mjomba wa daraja la kwanza. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mrefu kama nguzo ya umeme, Luganda yake haivuki salamu. Lakini mjomba mkimya huonekana ana hekima, na Odera alijua kunyamaza kwa heshima zote.

Kilichomponza ni sukari. Katika kushusha zawadi garini, paketi moja kubwa ilipotea njia ikaingia chini ya kanzu ya mjomba. Ingekaa salama mpaka jioni, ila mjomba aliposimama kusalimu, paketi ikachanika, na sukari ikaanza kumiminika mkekani, kidogo kidogo, bila haraka yoyote. Ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, mama wa mwili mkubwa aliyevaa gomesi ya rangi ya chungwa, akatazama mkeka. Akatazama kanzu. Kisha akaenda jikoni kuchukua mwiko wa pilau.

Odera hakungoja pilau.

Alishuka kilima cha Mengo kanzu ikiwa kiunoni, sukari ikichora mstari mweupe nyuma yake, wenye maduka wakitoka na fagio kuwahi sisimizi. "Nipisheni, jameni! Nipisheni!" alikuwa akipiga kelele.

"Mkenya huyo!" fundi wa pikipiki akasema. "Sikia Kiswahili chake."

"Anafanya mazoezi na kanzu?" mwenzake akauliza.

"Hivyo ndivyo wanavyofanya wale. Siku wakivua kanzu, wanaruka."

"Na yule mama wa nyuma?"

"Si kocha wake!"

Watu wakapiga makofi. Odera alipofika Kibuye, mwiko umeshaachwa mbali, kijana mmoja akampa chupa ya maji bila kudai kitu, akamuuliza kwa adabu, "Ssebo, na sisi mnaweza kutufundisha?"

Odera akanywa yale maji polepole, na kadiri alivyokunywa ndivyo macho yake yalivyozidi kung'aa. Kwao Kisumu, ukisema Odera ni mkimbiaji, watu watacheka mpaka washike ukuta. Watu wa ziwani ni watu wa mpira, samaki na hotuba, mbio wamewaachia wenzao wa milimani. Lakini Kampala nani ana nafasi ya kuchambua mambo hayo? Mkenya ni mkimbiaji, basi. Miaka yote Odera alikuwa na mali ndani ya miguu yake na hakujua.

Kabla ya mwezi kuisha alikuwa na kofia, filimbi na saa ya mkononi yenye vitufe vingi, na alikuwa wakala. Wakala wa nini? Wa mbio ndefu za Istanbul, huko Uturuki, zile ambazo watu maelfu, wa kila kimo na kila tumbo, huvuka daraja kwa miguu kutoka bara moja kuingia bara jingine. Kwa maneno ya Odera, Waturuki walikuwa wanatafuta wakimbiaji wa kawaida kutoka Uganda, watu wazima wenye shughuli zao, na mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa umesimama mbele yako umevaa kofia.

Alianza kwa Mzee Tajudin, mwenye duka la nguo Mengo, ambaye alikuwa akienda Istanbul kila mwaka kufuata suruali za jinzi.

"Mzee Tajudin," Odera alisema, akipapasa kitambaa kama mtu anayekijua, "ushuru wa forodha unakuumiza?"

"Unamuuliza aliyevunjika mguu kama unamuuma?"

"Mkimbiaji haguswi, mzee. Mzigo wa mkimbiaji unaitwa vifaa vya michezo. Unapita hivi."

Tajudin akaweka kikombe cha kahawa chini. "Marobota mangapi?"

"Inategemea urefu wa mbio. Hizi ni ndefu sana."

Wa pili alikuwa koplo Okullo, askari wa kambi ya polisi ya Nsambya, jirani na nyumba za reli ambako Odera alikuwa amepanga chumba. Okullo alikuwa na binamu yake Ujerumani, na alikuwa na swali moja, aliloliuliza kwa sauti ya chini huku akitazama pembeni.

"Kocha, mtu akimaliza kukimbia kule, ni lazima anarudi?"

"Afande, mstari wa mwisho kila mtu anauchora mwenyewe."

"Na Ujerumani, iko mbali na pale?"

"Kwa mtu mwenye mazoezi? Hapana."

Okullo akajiunga siku hiyo hiyo.

Unaona basi jinsi kazi ya utapeli ilivyo nyepesi mjini: huhitaji kumdanganya mtu, unamfungulia mlango tu, anaingia na uongo wake mwenyewe kwapani. Wa tatu ndiye aliyekuwa tofauti, na Odera alipaswa kujiuliza. Huyo alikuja bila kuitwa.

Bi Mahfudha alikuwa mjane wa marehemu kaka yake Tajudin. Watu wa kwao walikuja Kampala na biashara zamani, enzi za mababu, wakabaki. Alikuwa na duka la viungo, ubani na kanga pale pale mteremkoni Mengo, alikuwa akiwasomesha watoto wa mtaa Kurani jioni, na alikuwa na wajukuu. Pia alikuwa na ndoto ambayo hakuna aliyemwelewa. Mwaka mmoja Tajudin alirudi na picha ya lile daraja la Istanbul limejaa watu wanaokimbia, na katikati yao kulikuwa na mama mmoja wa makamo yake, mtandio kichwani, anacheka. Bi Mahfudha akaibandika picha ile juu ya mizani ya dukani. Akanunua raba za mitumba, nyekundu, zenye soli nene. Akaanza kukimbia alfajiri.

Siku ya kwanza bodaboda tatu zilisimama. "Mama, mwizi ameelekea wapi?" Siku ya pili majirani walitoka na fimbo kumsaidia kumkamata. Siku iliyofuata binti yake, Farhana, akamfungia zile raba kabatini.

"Mama, mtu wa umri wako akikimbia barabarani peke yake, watu wanatafuta mwizi au wanatafuta daktari. Hakuna la tatu."

"Na nikikimbia na kocha?"

Farhana akafikiri. "Labda ukikimbia na kocha."

Kwa hiyo Bi Mahfudha akamfuata Odera, akaketi mbele yake, mikono juu ya mapaja. Mkono wa kulia ulikuwa na bangili nane za dhahabu, ile dhahabu ya zamani yenye wekundu kidogo, na kila alipougeuza zilisema: chwiri.

Odera akaacha kumtazama usoni. Akaanza kuongea na ule mkono.

"Kuna jambo dogo la dhamana, Mama. Waturuki wamechoka na watu wanaovuka mstari wa mwisho na kuendelea kukimbia mpaka nchi nyingine. Kwa hiyo kila mkimbiaji anaweka kitu chake cha thamani, kinakaa kwangu, wakala, na anakikuta akirudi. Fedha za noti hawazitaki. Dhahabu wanaipenda."

"Wana haki," Bi Mahfudha akasema. "Nitaweka bangili zangu. Lakini kwetu, mwanangu, mali ya safari haitoki mkononi kabla ya dua ya safari. Siku ya dua ndiyo nitazivua."

"Hilo halina neno. Dua ni Ijumaa hii?"

"Mbio ni Novemba. Dua tutasoma Oktoba."

"Mama, sasa hivi ni Mei."

"Basi tuna nafasi nzuri ya mazoezi," akasema Bi Mahfudha, na bangili zikasema chwiri.

Tapeli mwenye haraka angeondoka. Odera alijihesabu kuwa tapeli mwenye subira, na kosa lake lilikuwa hapo.

Mazoezi yakaanza, kila alfajiri baada ya swala, kutoka Mengo kushuka Kibuye, kupanda Nsambya na kurudi. Wiki ya kwanza Odera alifundisha akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, anapuliza filimbi na kutoa maarifa: pumueni kwa pua moja, msimeze mate mlimani, karanga mbichi ndiyo siri. Wiki hiyo hiyo, karibu na soko la Kibuye, macho yake yakagonga kitu cha rangi ya chungwa kinachochagua ndizi. Ilikuwa gomesi. Ndani ya gomesi alikuwa ssenga. Kabla mama huyo hajageuka, kocha alisharuka kutoka kwenye pikipiki na kupotea kwenye kichochoro, na wanafunzi wake watatu, kwa kutojua la kufanya, wakamfuata. Walimkuta amejibanza nyuma ya lori la mkaa.

"Vizuri sana!" Odera akasema akihema. "Nilikuwa nawapima. Hii ndiyo kanuni kubwa ya mbio, na kule kwetu Kenya hata mtoto anaijua. Kocha akichomoka, fuata. Usiulize anakwenda wapi. Fuata mpaka asimame."

"Kocha akichomoka, fuata," Okullo akarudia kwa sauti ya kambini, mkono kwenye paji la uso.

"Lakini nimependa ulivyokimbia, kocha," Bi Mahfudha akasema. "Nikikuona juu ya pikipiki napata uvivu, natamani na mimi kupanda. Kesho tukimbie wote."

"Mama, goti langu la kushoto..."

"Litachangamka. Na tukirudi kuna chai ya tangawizi kwangu, na mahamri, na mbaazi za nazi."

Odera alikuwa mtu wa kula mkate mkavu kwa soda. Alifikiria mbaazi, akafikiria bangili, akamlipa mwenye bodaboda mara ya mwisho.

Miezi ikapita hivyo. Bi Mahfudha alikuwa akitangulia, raba nyekundu zikigonga lami, suruali pana chini ya gauni refu, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, na mkono wa kulia ukipanda na kushuka. Chwiri, chwiri, chwiri. Odera aliifuata sauti ile milimani na mabondeni kama ndama anavyofuata kengele. Farhana alimlalamikia mama yake kwamba dhahabu si kitu cha kutembea nacho alfajiri Kampala. "Zimeganda, hazitoki bila sabuni," mama akajibu. "Tena nyuma yangu kuna kocha, na nyuma ya kocha kuna askari. Nani ataniibia?"

Odera akakohoa.

Mambo ya ajabu yakaanza kumpata yule mtu. Kikohozi chake cha sigara kikaondoka bila kuaga. Akaacha pombe ya waragi, si kwa wema, ila kwa sababu ilikuwa ikimsubiri kwenye mlima wa Nsambya na kumwadhibu. Wauza maziwa wa njiani wakawa wanamwita kwa cheo. Na kuna asubuhi moja alifika juu ya kilima, jua linatokea upande wa ziwa, kengele ya kanisa inalia, miguu haimuumi popote, akasahau kabisa kwamba yeye ni tapeli. Alisahau kwa muda wa kunywa maji. Kisha bangili zikapita mbele yake, akakumbuka.

Oktoba ikafika. Dua ikasomwa nyumbani kwa Bi Mahfudha baada ya swala ya alasiri, wageni wakakaa mikekani, pilau ikaletwa kwenye sinia. Odera alikula akiwa amevaa kofia ya kiua kwa heshima ya mwenyeji. Kisha mfuko wa turubai wenye kamba ya begani ukawekwa katikati. Okullo akaweka simu mpya ya mkewe, ambaye alikuwa hajaambiwa. Tajudin akaweka saa ya dhahabu yenye vitufe vingi, akaipangusa kwanza kwa machungu, na Odera akaitambua mara moja, maana yeye mwenyewe alikuwa na pacha wa saa hiyo mkononi: zilikuwa zikiuzwa dukani kwa Tajudin kwa dazeni.

Bi Mahfudha akaletewa bakuli la maji na sabuni. Akazivua moja moja. Zilipoisha, mkono ukabaki na alama nyeupe, ukaonekana kama mkono wa mtu mwingine.

"Hizi alinivisha mama yangu," akasema, hakumwangalia mtu. "Tiketi ya ndege, hoteli, kila kitu sonara atanikopesha kwa ahadi ya hizi. Watoto wangu wameniambia waziwazi kwamba wao hawatoi hata senti kwa wazimu wa bibi. Kwa hiyo zikipotea, kocha, mimi safari sina, na mwakani magoti haya yatakuwa na mawazo mengine. Nakukabidhi."

Odera akachunguza punje za pilau kwenye sahani yake, moja moja, mpaka Bi Mahfudha alipozifunga bangili kwenye kanga, akazitia mfukoni, akaingia nao chumbani kuufukiza ubani. Alitoka nao umeshonwa mdomo kwa uzi mara mbili, ili jicho la hasidi lisipenye. Odera akaupima kwa mkono. Ulikuwa mzito, uzito wa kutuliza roho.

"Kesho naupeleka kwa watu wa ubalozi," akasema.

"Mungu akutangulie," Bi Mahfudha akasema.

Kesho yake, mpango ulikuwa hivi. Port Bell palikuwa na meli ya mizigo, ile inayobeba mabehewa ya treni, inaondoka asubuhi kwenda Kisumu, na baharia mmoja wa kwao alikubali kumpakia kama mtu wa jikoni. Odera akaamka mapema kuliko swala, akavaa, akatundika mfuko begani, akafungua mlango wa chumba chake cha nyumba za reli.

Nje walikuwa wamesimama Bi Mahfudha, Tajudin na Okullo, wananyoosha misuli.

"Asalaam aleikum, kocha," Bi Mahfudha akasema. "Tumekuja kukusindikiza. Mali ya safari haiendi peke yake."

"Sasa hivi?" Odera akasema. "Ubalozi haujafunguliwa!"

"Sasa wewe unaenda wapi na begi?" Okullo akauliza, bila ubaya, kwa mazoea ya kazi tu.

Akili ya Odera ilikuwa hodari, lakini asubuhi ile ilikuwa bado haijanywa chai. Miguu ikaamua kwanza. Akachomoka.

Alishafika barabarani aliposikia nyuma yake sauti ya kambini ikinguruma kwa furaha: "Mtihani! Kocha anachomoka! Fuata!"

Hapo ndipo alipoielewa ile kanuni yake mwenyewe, kwa marefu na mapana.

Akakunja kuelekea Namuwongo, wakakunja. Akaongeza mwendo, wakaongeza, maana alikuwa amewafundisha vizuri mno, mbaya zaidi bure. Akamwona mwenye bodaboda, akamrukia. "Port Bell, haraka!"

Mwenye bodaboda akatazama nyuma, akawaona wale watatu na raba zao, akacheka. "Kocha! Unataka kuiba mtihani mbele ya wanafunzi? Shuka, ssebo. Mimi siwezi kushiriki."

Akashuka. Akakimbia. Na kitu kimoja tu kilikuwa kikimpa moyo: kila hatua, alisikia bangili. Chwiri, chwiri. Kanga imefunguka ndani ya mfuko, akajiambia, na akaukumbatia mfuko kifuani kama mtoto mchanga. Ni kweli kwamba alipoongeza mwendo ile sauti ilififia, na alipopunguza ilizidi. Mtu mwenye nafasi angelitafakari jambo hilo. Odera hakuwa na nafasi.

Bugolobi watu walikuwa wanafungua maduka. "Mkenya huyo! Kaza, kocha!" Mama mmoja akamtupia chungwa. Reli ikapita upande mmoja, harufu ya ziwa ikaanza. Luzira sasa, huko ndiko kwenye gereza kubwa, na wengi wamepelekwa Luzira wakiwa na askari nyuma yao, lakini Odera nadhani ndiye wa kwanza kwenda kwa miguu yake mwenyewe, akishangiliwa njia nzima.

Alifika lango la bandari. Meli ilikuwa pale, mabehewa yamekwishaingia, baharia wake akimpungia mkono kwa haraka. Zilibaki hatua chache. Odera akaweka mfuko chini apumue mara moja tu, akainama, mikono kwenye magoti.

Chwiri, chwiri, chwiri.

Akautazama mfuko. Ulikuwa umetulia chini, haugusi mtu.

Chwiri, chwiri.

Akainua kichwa. Raba nyekundu zilikuwa zinakuja barabarani, bila haraka, na juu yake mkono wa kulia ukipanda na kushuka, na mkono wa gauni ulikuwa umerudi nyuma hadi kwenye kiwiko. Zote nane zilikuwa pale, zinameta kwa jua la asubuhi.

Bi Mahfudha akasimama mbele yake. Alikuwa anahema kidogo tu.

"Fungua, mwanangu, usijitese," akasema. "Uzi wenyewe nimeukaza, tumia meno."

Odera akafungua kwa meno. Kanga ilikuwepo. Ndani ya kanga kulikuwa na paketi kubwa ya sukari, imeshonewa mfuko wake wa marekani pande zote nne.

"Ile ya kwanza ilichanika ikamwagika yote mbele ya duka langu," Bi Mahfudha akasema. "Niliifagia mwenyewe. Nikaona hii niishone vizuri, una safari ndefu."

Odera akakaa chini juu ya jiwe. "Tangu siku ile? Tangu Mei ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu kanzu ilipopita mlangoni."

"Na Istanbul?"

"Farhana aliniandikisha kwa simu wiki ile ile ya kwanza. Mtu yeyote anajiandikisha mwenyewe, kocha. Hukujua?"

"Nilijua."

"Najua ulijua."

"Basi kwa nini, Mama? Miezi yote hii!"

"Kwa sababu nilihitaji mtu wa kukimbia naye, ili nisionekane nimeibiwa." Akaupangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Na wewe usingeamka alfajiri kwa ajili ya bibi wa watu. Kwa ajili ya bangili uliamka. Hukukosa hata siku moja. Mwalimu wa namna hiyo, hata kwa mshahara, ningempata wapi?"

Meli ikapiga honi. Kwenye kona ya barabara Okullo akatokea, na nyuma yake kwa mbali Tajudin, ameshika kiuno.

"Simu ya mke wa Okullo nimeirudisha kwake, na yeye ataongea na mumewe vizuri tu," Bi Mahfudha akasema. "Saa ya shemeji yangu imeshasimama yenyewe. Sasa niambie, huyu askari anayekuja nimweleze nini? Kwamba kocha ametupa mtihani, au nimweleze lile jingine?"

Odera akaitazama meli. Akamtazama askari. Akaitazama sukari.

"Mtihani, Mama."

"Nami nilidhani hivyo. Bado wiki tatu mpaka mbio, na kwenye miteremko mguu wangu wa kulia haujakaa sawa, umeona mwenyewe. Kesho usichelewe."

Okullo akafika, akapiga saluti, jasho linamtiririka. "Kocha! Mimi hii mtihani napita?"

"Umepita, afande," Odera akasema kwa sauti ndogo. "Umepita sana."

"Sasa tunarudi na gari?"

"Tunarudi kwa miguu," akasema Bi Mahfudha. "Mbebee kocha mfuko, amechoka."

Novemba Bi Mahfudha aliuza bangili mbili kwa sonara, akaenda. Tajudin alikuwa huko na mabegi yake, akampiga video akiwa amesimama kando ya njia, kati ya duka moja na jingine. Mengo yote imeiona. Daraja limejaa watu, upepo unavuta mitandio na kofia, na yeye yumo katikati, raba nyekundu, anacheka kama yule mama wa kwenye picha. Alimaliza karibu na wa mwisho. Nyuma yake alikuwapo kijana wa Kizungu aliyejivika vazi la ndizi, jambo ambalo Kampala hatujalielewa mpaka leo. Medali sasa iko juu ya mizani ya dukani, na zile bangili sita zinasikika vilevile ukiwa jirani.

Tajudin alirudi na marobota yaliyoandikwa vifaa vya michezo. Mtu wa forodha alifungua moja, akauliza suruali za jinzi ni za mchezo gani, na Tajudin akalipa ushuru wote, pamoja na faini. Okullo hakupewa likizo na wakubwa zake. Hawakutaka kumwachilia askari ambaye siku hizi anawakamata wezi kwa mbio, kitu ambacho kambi ile ilikuwa haijakiona kwa muda mrefu.

Na Odera? Odera hakuondoka. Klabu imekua, ina wanachama mpaka wa Nsambya juu, wanamlipa, na mbaazi bado zipo. Kinachomkera ni kimoja. Mara mbili tatu amejaribu kuwaambia watu ukweli: kwamba yeye si mkimbiaji, kwamba kwao ni watu wa samaki, kwamba alikuwa tapeli.

"Mkenya asiyejua kukimbia!" wanacheka, wanashika mbavu. "Kocha, wewe una maneno!"

Alfajiri moja ya juzi juzi walikuwa wamejipanga mbele ya duka la Bi Mahfudha, wageni wako mbele, Odera anawakagua raba. Akafika kwa mama mmoja wa mwili mkubwa, amevaa suruali ya michezo ya rangi ya chungwa.

"Karibu, nnyabo," Odera akasema, macho yakiwa bado chini. "Umewahi kukimbia?"

"Mara moja tu," yule mama akasema. "Mwaka jana, kutoka nyumbani kwetu mpaka karibu na Kibuye. Nilikuwa nafukuza mjomba wa mtu."

Odera akainua macho taratibu. Ssenga naye akayakodoa yake, akaanza kutazama huku na huku kama mtu anayetafuta mwiko.

Kocha akachomoka.

"Mtihani!" Okullo akanguruma, na klabu nzima, ssenga akiwa wa kwanza, ikafuata.